Mizizi Iliyooshwa kwa Sabuni

Shambani, 6 Aprili

Mpwa wangu mpendwa, daktari wa matope,

Pokea salamu za kujaza hicho chumba chako cha kupanga, zikibaki mpe mama yako. Huku tupo. Mkaza mjomba wako mzima, na mdomo wake ndio mzima kuliko viungo vyote. Paa halivuji siku ambazo mvua hainyeshi. Mimi mwenyewe afya yangu inatisha watu: juzi mganga wa zahanati alinipima presha, akaigonga mashine mara mbili, akaniuliza, "Mzee, una miaka ishirini?" Baiskeli yangu nimeipumzisha. Natembea kwa miguu, mwili unataka hivyo.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Unasema dada yangu, yaani mama yako, hataki tena kuzungumza nami habari za shamba kwa simu, kwa kuwa ya simuni huwa nayakana. Mimi? Siku ile sikukana, nilisahihisha. Haya, anataka maandishi, atapata maandishi, na mwandiko wangu unaujua, mwalimu wa darasa la sita alikuwa akiuonyesha kwa wageni.

Unasema pia Bibi Majivu, huyo jirani yetu mjane, kamwandikia mama yako kwamba nimeliua shamba alilorithi kwa baba, na kwamba yeye yuko tayari kulilima. Na mama yako kasema wewe unayefanya kazi maabara ya udongo upime kwanza, halafu ataamua nani alishike. Mpwa wangu! Miaka kumi na moja nalisimamia lile shamba. La kwangu unajua lilikokwenda, tusifukue. Hili ndilo linalofanya watu waniite Bosi. Leo nivuliwe mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya mwanamke anayebeba kinyesi cha mbuzi kwenye beseni na kumwaga majivu ya jikoni kama mtu anayefukuza mapepo?

Maharage yangu ya mwaka juzi yalirefuka mpaka wakaja watu wa umeme kuniomba wapitishe nyaya juu yake. Niliwakatalia. Mimi natumia mbolea ya kisasa, nyeupe, ya mfuko, yenye maandishi. Muuza pembejeo akiniona tu anapangusa kiti.

Ulitaka mashina matatu ya maharage yaliyong'olewa na mizizi yake, na udongo kidogo. Nimekutumia. Ila nilipoitazama ile mizizi nikaona aibu, imejaa matope! Nikasema ukoo wetu haupeleki uchafu mjini. Nimeiosha kwa sabuni ya unga, maji matatu, nikaisugua kwa mswaki wa zamani wa mkaza mjomba wako, nikaianika kwenye kamba. Udongo nao nimeuchekecha, nikaukaanga kidogo kwenye sufuria usije ukaoza njiani.

Waonyeshe wakubwa zako. Waambie hayo ndiyo mazao ya mtu safi.

Mjomba wako,
Bosi


Maabara, 17 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini maneno yanapanda vizuri. Amecheka sana kuhusu presha yako. Aliposikia kuhusu mswaki alikohoa mpaka nikamletea maji.

Kifurushi kimefika. Mkuu wangu wa maabara alifungua, akanusa, akaniuliza, "Huyu mjomba wako anatuma udongo au nguo za kupiga pasi?" Miaka ishirini katika kazi hii, anasema, hajawahi kupokea mzizi unaonukia maua.

Mjomba, ule uchafu uliousugua ndio niliokuwa nautaka. Ngoja nikueleze taratibu, na usimsomee muuza pembejeo. Ule udongo mwembamba unaong'ang'ania mzizi ni mtaa. Humo wanaishi bakteria, viumbe wadogo mno, maelfu kwa maelfu kwenye chembe moja. Mzizi hutoa utamu, nao huja kula. Wakishakula hawaondoki hivi hivi, wanafanya kazi: wengine wanalegeza chakula kilichokwama udongoni, wengine wanawazuia wadudu wa maradhi wasiingie. Na maharage yana wafanyakazi wake maalumu, wanaojenga vinundu kwenye mizizi na kuchukua nitrojeni hewani kuupa mmea. Chakula kilekile unachonunua kwenye mfuko, wao wanakitengeneza bure. Ukikipasua kinundu ukakuta ndani ni waridi, basi humo kazi inaendelea.

Sasa ukimwaga mbolea ya kukuzia kupita kiasi, maharage yanaona chakula kimejaa mlangoni, ya nini kulisha wafanyakazi? Yanafunga jiko. Vinundu havijengwi. Na baadhi ya hizo mbolea, miaka ikienda, zinautia udongo uchachu, na hao waliobaki wanapungua. Sikusema mbolea ya mfuko ni sumu. Nasema ina kipimo, na udongo unahitaji pia samadi au mboji ili hao viumbe wapate cha kula.

Kwa hiyo tuanze upya. Subiri maharage yatoe maua. Chagua sehemu kumi, hatua kumi kutoka moja hadi nyingine. Chimba kila shina na bonge lake la udongo, usilitikise, usilioshe, usilikaange. Kwenye kila shimo chomeka kijiti chenye namba, na kila mfuko uwe na namba ya shimo lake.

Na uniandikie: unamwaga mifuko mingapi kwa msimu?

Mpwa wako


Shambani, 9 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa goti la dada. Mwambie apake mafuta ya moto, mimi goti langu niliwahi kulitibu hivyo asubuhi, jioni nikacheza mpira nikafunga mawili. Kuku mmoja katoweka. Mkaza mjomba wako ananitazama kana kwamba nimemmeza.

Habari ya hao bakteria nimeisoma. Nimelima miaka thelathini, mpwa wangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia. Maelfu kwa maelfu, wanakula, wanajenga, wanalinda mlango, na hakuna kelele? Watu wanne tu wakijenga choo kijiji kizima hakilali. Lakini mimi si mbishi. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alifika mahali akawa ananiuliza mimi maswali, kwa hiyo najua elimu ina mwisho wake.

Idadi ya mifuko ni siri ya kazi. Fundi haonyeshi msumeno.

Bibi Majivu juzi alinikuta njiani na beseni lake kichwani, akaniambia, "Bosi, shamba lako linang'aa kama sakafu." Nikamwambia asante. Akasema, "Sikukusifu." Unaona mambo ninayovumilia?

Haya, kazi yako nimeifanya kama ulivyoagiza, neno kwa neno. Sehemu kumi. Hatua kumi kumi, nilihesabu kwa sauti. Vijiti kumi nimevichonga mwenyewe, namba nimeziandika kwa wino, ile saba yangu nikaitia mkia kama ninavyoipenda. Nilifanya mchana wa Jumatano, wakati watu wengi wako kwenye mkutano wa wanawake. Nilichagua utulivu, sayansi inataka utulivu.

Mabonge kumi hayo. Sikuosha. Kama kuna kitu humo kinaishi, kimekuja kizima.

Mjomba wako


Maabara, 30 Mei

Mjomba, shikamoo, tena shikamoo ya kusimama.

Majibu yametoka. Sijui nianzie wapi. Vinundu vingi, vinene, ukivipasua ni waridi kama ufizi. Udongo wa mtaa wa mizizi una uhai kuliko sampuli zote tulizopokea mwaka huu, na tumepokea mia mbili na arobaini. Mkuu wangu alivua miwani akaipangusa, akasema, "Yule wa sabuni?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi lazima nikutane na huyo mtu."

Mama nilipomsomea alisema kama ni hivyo Bibi Majivu ni mwongo, na shamba ulishike miaka kumi mingine. Amesema atatia sahihi kwenye hati, mkuu wangu akisharudi kutoka huko kwako.

Maana anakuja, Mjomba. Tarehe 20 Juni, na gari la maabara. Anataka kuchukua sampuli kwa mkono wake na kukupiga picha ukiwa katikati ya mashina.

Vitu vidogo tu nilitaka kuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu. Kwenye mfuko namba tatu kulikuwa na ganda la yai. Namba tano na namba nane zilikuwa na majivu. Na karibu yote yana samadi ya mbuzi, ya zamani, iliyooza vizuri. Mjomba, wewe huna mbuzi. Na uliniambia samadi ni ya watu wasio na maendeleo.

Nisaidie nijaze fomu.

Mpwa wako


Shambani, 8 Juni

Mpwa wangu mpendwa sana,

Salamu. Wote wazima isipokuwa barabara. Barabara ni mgonjwa mahututi, daraja limeinama, hata mbwa wanapita mmoja mmoja. Gari la maabara halitapita. Waambie wasijaribu, nitajilaumu.

Pia kuna nyuki. Wamehamia shambani kwa ghafla, wakali, hawataki watu wenye elimu. Jana walimfukuza mwalimu mkuu mpaka ofisini kwake wakakaa naye humo saa nzima. Na mimi mwenyewe huenda tarehe hiyo nisiwepo, nimeitwa sehemu kutoa ushauri wa kilimo. Siwezi kusema wapi, wameniomba nisiseme.

Ganda la yai ni la yule kuku aliyetoweka, kumbe alikuwa akitaga shambani. Majivu ni upepo. Mbuzi alikuwa wa kupita.

Mimi nadhani sahihi itangulie, wageni wafuate. Mambo ya familia hayangoji picha. Mwambie dada hivyo, lakini kama wazo lako.

Mjomba wako mwenye haraka

(Mimi mkaza mjomba wako. Nimepewa hii barua niipeleke kwenye gari la vifurushi. Daraja ni zima. Kuku amerudi.)


Maabara, 27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulikotoa ushauri wamekuelewa.

Nami nilikuja pamoja na mkuu. Hukutegemea, sikukwambia. Daraja lilitupitisha vizuri. Nyuki sikuwaona, wala mtu wa kuwaogopa. Mkaza mjomba alitupokea, akatuambia, "Ametoka alfajiri na koti la harusi, hakusema anakwenda wapi." Akatuletea maji na kwenda kumwita jirani atuonyeshe mipaka.

Bibi Majivu alikuja kwa baiskeli nyeusi yenye kengele mbili. Niliijua ile kengele ya pili, maana wewe ndiye uliyeifunga nikiwa mdogo, nikiwa nimeishika bisibisi. Sikuuliza. Alishuka akasema, "Karibuni. Mnataka shamba la Bosi au mnataka maharage?" Mkuu akasema vyote viwili. Akasema, "Basi mtachoka, haviko pamoja."

Tulianza kwenye shamba la mama. Sitaki kukuumiza kwa maneno mengi. Udongo una gamba juu, ukilipiga kwa kisigino linalia. Tuliupima papo hapo, una uchachu wa kutisha. Tuling'oa mashina kumi. Mizizi mifupi, mitupu, kama vidole visivyo na kucha. Vinundu viwili kwa jumla, nikavipasua, ndani kijivu.

Halafu tukavuka mpaka kuingia kwake, ili tupate cha kulinganisha. Mjomba, wale wengine wanaoiba husahau kitu kimoja. Wewe ulikumbuka kila kitu. Kwenye mstari wake wa kati tulikuta mashimo kumi, hatua kumi kumi, na kwenye kila shimo kijiti kilichochongwa vizuri, chenye namba kwa wino. Namba saba ilikuwa na mkia.

Bibi Majivu akasema, "Hivi vijiti nilidhani ni vya serikali, nikaogopa kuving'oa." Mkuu wangu aligeuka akatazama milima kwa muda mrefu, mabega yakimtetemeka. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, ndani ya gari, halafu nikaacha.

Nilitumwa nipime udongo nikapokea udongo wa mtu mwingine, na jina langu liko kwenye ile ripoti. Tumeifuta. Mkuu hakunifukuza, lakini sasa kila sampuli ninayoleta anauliza, "Hii ni ya nani kweli?" Nimefanya kazi pale miaka mitatu, hakuwahi kuniuliza.

Mama sijamwambia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sitaki mimi ndiye niwe mwisho wake. Andika mwenyewe. Mpaka mwisho wa Julai atakuwa anajua, kwa mwandiko wako au kwa mdomo wangu. Na andika mifuko mingapi.

Mpwa wako


Shambani, 24 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Mkaza mjomba wako mzima. Kuku wote wapo, nimewahesabu mara mbili. Mvua hakuna. Mwalimu mkuu kapata mjukuu, hakuwahi kufukuzwa na nyuki.

Nilianza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana, nilieleza kwamba mipaka ya shamba ilihama yenyewe wakati wa mvua kubwa. Mkaza mjomba wako aliisoma akaiweka jikoni. Sikuiona tena. Kulikuwa na chakula cha moto siku hiyo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilichimba kumi, nikavitia namba.

Haya. Uliuliza mifuko. Mwaka wa kwanza mfuko mmoja, na nilivuna magunia tisa, watu walikuja kuyatazama, hilo si uongo, muulize yeyote. Mwaka wa nne mifuko miwili. Mwaka wa saba mifuko minne, magunia matano. Mwaka jana mifuko sita. Magunia mawili, na la pili halikujaa, nililitikisa lijae.

Kila nilipoona majani yanakuwa ya manjano niliongeza. Muuza pembejeo alisema ongeza, Bosi. Nani mwingine aliniita Bosi? Ningepunguza ningeingia dukani nikakaa kwenye benchi kama wengine. Nililimwagia lile shamba kama mtu anayempigia kelele kiziwi. Nikadhani halisikii kwa sababu sijapaza sauti ya kutosha.

Kuna jambo jingine, na hili hukuliuliza, ingawa baiskeli umeiona. Yale maharage ninayomtumia mama yako kila mavuno, magunia mawili, kwamba ni sehemu yake ya shamba la baba. Ya miaka miwili hii hayakutoka kwenye shamba la baba. Yametoka kwa Bibi Majivu. Nilimpa baiskeli. Haikupumzika, mpwa wangu, ilihama. Dada akaniambia kwa simu, "Haya ndiyo maharage ya nyumbani," nikasema ndiyo, dada, umeyajua. Hiyo ndiyo simu niliyoikana baadaye, aliponiuliza nimevuna magunia mangapi nikasema kumi na mawili, wiki ya pili nikasema manane.

Bibi Majivu hakumwambia mtu kuhusu baiskeli. Angeweza. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwake.

Kuhusu jina lako kwa mkuu wako, sina cha kusema, na unajua mimi si mtu wa kukosa cha kusema.

Hii barua msomee mama yako yote. Usiruke.

Mjomba wako tu


Nyumbani, 10 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimemsomea yote. Mama kasema niandike kama anavyosema, nisitie adabu zangu. Haya ni maneno yake:

"Mwambie mdogo wangu kwamba maharage ya shamba la baba yana madoa kama mayai ya kware. Nimeyachambua tangu nikiwa na miaka mitano. Aliyonitumia miaka miwili hii ni mekundu matupu. Anadhani nimeota mtoto wa jicho? Nilijua siku ya kwanza nilipofungua gunia. Nikasema 'haya ndiyo maharage ya nyumbani' nimsikie atasema nini. Akasema umeyajua.

"Maabara sikuihitaji. Nilihitaji barua. Kwa mdomo huyu ndugu yangu hajawahi kushindwa na mtu tangu alipomwambia baba kwamba jembe limeliwa na mchwa, mpini na chuma. Nilitaka aketi chini na kalamu, peke yake, bila mtu wa kumchekesha.

"Shamba atalishika Bibi Majivu misimu mitatu. Nimemwandikia, amekubali kwa sharti moja, na sharti hilo ni mdogo wangu. Anataka mtu wa kubeba samadi. Atabeba mdogo wangu, mchana, barabara ya katikati, si ya nyuma. Misimu mitatu ikiisha, mwanangu akapima, akakuta hao watu wake wadogo wamerudi kwenye mizizi, mdogo wangu atalishika tena na nitatia sahihi. Wasiporudi, basi. Siyo mimi nitakayemnyima, ni wao.

"Na magunia asitume. Atume barua."

Hapo mwisho wa maneno yake. Alipomaliza akaniambia nimletee lile gunia, akaendelea kuchambua. Anakula, Mjomba, usidhani amesusa.

Yangu ni mafupi. Bibi Majivu atapanda kwa samadi, na mbolea ya mfuko kidogo sana wakati wa kupanda, kipimo nimempa. Majivu yake yatapunguza uchachu, lakini si kwa msimu mmoja. Usitegemee muujiza. Maharage yakitoa maua, ning'olee shina moja. Unajua masharti.

Mpwa wako


Shambani, 16 Novemba

Mpwa wangu, daktari,

Pokea salamu kutoka kwa Mkurugenzi wa Samadi, Usafirishaji na Mabeseni. Mkaza mjomba wako hajambo, siku hizi ananitayarishia maji ya kuoga kabla sijauliza, anasema ni kwa faida ya nyumba. Mwambie dada goti langu nalo limeanza, lakini la kwangu ni la kazi.

Habari kubwa ni kwamba kilimo hapa kimebadilika, na sitaki kusema ni nani aliyekibadilisha. Nimegundua kwamba baiskeli moja inabeba mabeseni mawili ya samadi, moja nyuma, moja mbele, ukijua kuipakia. Hakuna aliyewahi kulijua hilo. Bibi Majivu ameniazima baiskeli yangu, kwa kazi tu, jioni narudisha. Kengele amesema nipige zote mbili nikipita dukani.

Siku ya kwanza muuza pembejeo alitoka mlangoni. Kiti hakukipangusa. Akasema, "Bosi, umefilisika?" Nikamwambia hapana, nimeajiri maelfu kwa maelfu, nawapelekea chakula. Alinitazama kama mtu aliyepigwa jua. Siku ya tatu mwalimu mkuu akaniuliza hao maelfu wanakaa wapi. Nikamweleza, kwa muda wa saa moja na nusu, na nadhani nilieleza vizuri kuliko wewe.

Bibi Majivu ni mtu mgumu. Anasimama mwisho wa mstari na fimbo ya kupimia, anahesabu. Juzi nilikuwa nimepeleka mabeseni tisa, nikamwambia kumi na manne.

"Bosi," akasema, "la kumi liko wapi?"

"Limeshaoza," nikamwambia, "samadi yangu inafanya kazi haraka."

Hakucheka. Akanipa beseni. Lakini nilipogeuka nikasikia nyuma yangu kitu kama kikohozi, na huyu mwanamke hana kikohozi.

Gamba la juu halijaisha. Upande wa chini bado shamba linalia ukilipiga, na mistari mitatu imetoka manjano, nakwambia kabla hujaja kuona. Mkono wangu ulitaka kwenda dukani. Nilikaa juu yake.

Jana maharage yametoa maua. Nilichukua shina moja upande wa juu, karibu na mpaka wa shamba la baba, ndani, si nje, Bibi Majivu alisimama hapo akashuhudia na ametia sahihi na kupiga dole gumba kwenye karatasi iliyomo, umpe mkuu wako. Kuna vinundu. Vidogo. Nilipasua kimoja kwa ukucha na ndani kina rangi, si nyekundu ya kutamba, ni kama ufizi wa mtoto aliyelala. Nilichuchumaa hapo muda kidogo.

Nilivihesabu nikapata kumi na saba. Nikahesabu tena nikapata kumi na tisa. Nimekuandikia kumi na saba.

Shina limo kwenye kifurushi, na bonge lake lote. Sikuliosha.

Mjomba wako